Mkanda wa Feni Nyuma ya Mlango

Ni harufu ya mpira ulioungua ndiyo iliyonirudisha utotoni. Mwezi uliopita gari langu liligoma kuwaka mbele ya duka la dawa hapa Mpanda mjini. Fundi niliyemwita akafungua boneti, akainama, akaomba spana ya magurudumu. "Dada, kaa kwenye usukani. Nikigonga stata, wewe washa." Akagonga, ko, ko, ko. Injini ikashika, mkanda wa feni ukapiga kelele na kutoa ile harufu, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikajikuta nimeinua kiwiko na kufunika uso. Fundi akauliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni. Nikamwambia ndiyo, ni mdudu.

Ninyi nitawaambia ukweli.

Baba alinunua gari dogo jeupe la milango minne nilipokuwa darasa la kwanza. Lilikuwa limeshatumika Japani, halafu Dar es Salaam, halafu kwa mwalimu mmoja wa Tabora, na kila aliyelimiliki alikuwa ameliachia ugonjwa wake. Dirisha la nyuma kushoto lilikuwa limekwama chini, tukaliziba kwa boksi. Buti lilifunguliwa kwa mpini wa kijiko. Honi ililia yenyewe kila tulipokata kona, kwa hiyo mtaa wetu wote wa Majengo ulijua tunakokwenda. Majirani waliacha kumuuliza baba habari za asubuhi, wakawa wanamuuliza, "Mgonjwa kaamkaje?" Baba alicheka nao mpaka wapite, kisha akaja kulipiga teke.

Tulikaa nalo miaka saba. Siku likiwaka kwa jaribio la kwanza, mama alipiga vigelegele jikoni. Siku nyingine zote ilikuwa kugonga. Lilikuwa gari la otomatiki, halisukumwi likawaka, na stata ilikuwa imechoka. Basi baba alifungua boneti na kuipiga kwa spana ya magurudumu, huku mimi nimekaa kwenye usukani nimeshika ufunguo, namsubiri aseme neno lake moja: "Washa!" Nilianza kazi hiyo miguu yangu ikiwa bado haifiki kwenye pedeli.

"Vyangu vyote bila kipigo haviwaki," baba alipenda kusema. Watu walicheka, maana alikuwa mcheshi barabarani. Mimi nilijua kwamba katika hivyo vyote nami nimo.

Mkanda wa feni ulipochakaa, hakuutupa. Aliukata, akaufunga kitambaa upande mmoja pa kushikia, akauning'iniza nyuma ya mlango wa sebuleni. Kama hamjawahi kuchapwa na mkanda wa feni, basi jueni kwamba una meno upande wa ndani, na kila jino linaacha alama yake. Jumapili moja tukijiandaa kwenda misa, niliwasha kabla hajasema. Gari likashtuka, spana ikateleza, vidole vyake vikachubuka mpaka damu ikatoka. Alinivuta nje kwa kola ya gauni langu la kanisani, akaingia ndani, akarudi na mkanda. Alinichapa pale pale uani, mgongoni, mapajani, kwenye mikono niliyojikingia. Mama alipomshika mkono alisukumwa, akajigonga mdomo kwenye mlango wa gari. Misa tuliikuta kwenye matoleo. Mama aliimba huku ameziba mdomo kwa kitenge, na nilimchukia baba kwa sauti yake nzuri ya besi.

Siku ninayotaka kuwaeleza nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tunakwenda Ugalla kwa baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye alikuwa mfugaji wa nyuki kama babu yao. Sisi ni Wakonongo. Baba mwenyewe alikulia kwenye mizinga, na ndiye aliyetufundisha kwamba chini ya mzinga mtu anaongea taratibu, hapaki mafuta ya kunukia, na hagongi chuma hata kama kuna nini. Huko msituni hiyo haikuwa adabu tu, ilikuwa uhai wa mtu.

Jua lilikuwa kali na mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Baba akakata kushoto, honi ikalia, akasimamisha gari kwenye kivuli cha mti mkubwa na kuzima injini. Macho yake yalikuwa kwenye mshale tu. Tulisubiri lipoe, akamwagia rejeta maji, akajaribu kuwasha. Kimya.

Mama alikuwa kiti cha nyuma, amempakata mdogo wangu Maganga, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajafika. Mama ndiye aliyeinua macho.

"Baba Milembe," akasema polepole, "tazama juu."

Kulikuwa na mizinga miwili ya magogo juu yetu, yote hai. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Baba aliiona. Akashuka, akajaribu kulisukuma gari litoke pale, mama naye akashuka kusaidia, lakini magurudumu yalikuwa yamezama kwenye mchanga. Walisukuma mpaka mishipa ya shingo ya baba ikasimama. Halafu nikaona uso wake ukibadilika, ule uso niliokuwa naujua. Akalipiga teke. Akaenda kwenye buti, akalifungua kwa kijiko, akatoa spana.

"Hapa usigonge," mama akasema. "Nakuomba. Twendeni kwa miguu tukamwite shemeji."

"Unanifundisha nyuki mimi?"

"Sikufundishi. Kuna mtoto humu."

"Rudi ndani! Milembe, kaa kwenye ufunguo!"

Mama akarudi ndani. Baba akafungua boneti, na sikumwona tena, nilisikia tu. Hakuwa anagonga stata. Alikuwa analiua gari. Alipiga kila alichokiona, chuma kwa chuma, huku analitukana kwa Kikonongo, na mimi nimeshika ufunguo nikiomba Mungu lisiwake kabla hajasema.

Nyuki walishuka wote kwa pamoja. Kioo cha mbele kikawa cheusi. Boksi la dirishani likaachia, nyuki wakaingia, mama akaziba kwa kitenge na mgongo wake, Maganga akaanza kulia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtoto yeyote. Mimi niliumwa kopeni, sikioni, mdomoni. Mama alikuwa anaita jina la baba, lile la ubatizo, ambalo hakuwahi kulitaja mbele yetu.

Angeweza kukimbia. Alijua kukimbia nyuki tangu mdogo. Lakini kupitia kelele zote hizo nikasikia spana, safari hii taratibu, mahali pake: ko, ko, ko. Alikuwa amesimama pale pale, kichwa kimefunikwa na nyuki, anagonga stata.

"Washa!"

Nikawasha, likakataa. Ko, ko, ko. "Washa!" Likakataa tena. Mara ya tatu sauti yake haikuwa na maneno, ilikuwa mlio tu, lakini nikaielewa, na gari likawaka. Akabamiza boneti nikamwona. Hakuwa na uso. Mama akapiga kelele aingie, yeye akatikisa kichwa, akalipiga bodi kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayemfukuza ng'ombe, akakimbilia porini upande mwingine, na nyuki wengi wakamfuata.

Niliweka gia. Nilikuwa nimeiona ikiwekwa miaka yote. Magurudumu yalizunguka bure, kisha yakashika, nikaendesha nikiwa nusu nimesimama, jicho moja limeshaziba, mpaka nyumbani kwa baba mdogo. Baba mdogo alichukua baiskeli na kienge cha moshi. Alimkuta baba amelala kifudifudi kwenye tope la kijito, anapumua kwa shida.

Maganga alipona baada ya siku chache. Baba alilala hospitali, na siku ya nne mama akanipeleka kumwona. Macho yake yalikuwa vitundu viwili tu.

"Nani aliendesha?" akauliza.

Watoto tulikatazwa kugusa gia. "Mimi, baba."

Akanyoosha mkono kuja kwangu, na mimi kabla sijafikiri nikainua kiwiko nikafunika uso. Mkono wake ulibaki hewani. Kisha akaurudisha taratibu chini ya shuka, akageukia ukutani.

Aliporudi nyumbani, mkanda haukuwepo nyuma ya mlango. Kukawa na jambo lingine. Kila alipotaka kunyoosha mkono karibu nami, kuchukua chumvi, kunirekebishia kola, aliniambia kwanza, "Mama, naleta mkono." Nilidhani nyuki walimharibu macho, kwamba anaogopa kunigonga kwa kutoona. Nilimwonea huruma na kumsogezea vitu. Nilidhani hivyo zaidi ya miaka ishirini, ingawa nilimwona mara nyingi akitunga uzi kwenye sindano bila miwani na kushona magunia yake.

Nilielewa mwezi uliopita, nimekaa kwenye usukani mbele ya duka la dawa, kiwiko changu kikiwa bado juu. Macho yake hayakuwa na kasoro. Kumbe siku ile hospitalini aliona vizuri kabisa.

Sijamsamehe yote, wala hajaniomba. Jumapili iliyopita nilikwenda kula kwao Majengo. Amezeeka, vidole vimepinda. Bakuli la mboga lilikuwa upande wangu.

"Mama, naleta mkono."

"Leta tu, baba," nikamwambia.

Akauleta. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda, nikaushika kwa ule mwingine chini ya meza mpaka akamaliza kupakua.