Tasi Waliofunga Mpaka Baada ya Idi

Wenzangu walioa kwa mahari na kwa ami zao kwenda na kurudi. Mie, juu ya hayo yote, nlitakiwa nioneshe na maji yanayotakata. Na si maji ya kunywa. Maji ya chumvi, ndani ya sanduku la kioo, kwenye ukumbi wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, na ndani yake samaki, matumbawe, na kijani kilichonawiri kuliko bustani yoyote ya Unguja.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, tulipokuwa tukipanga foleni kwa mchele na kwa unga. Mie fundi baiskeli, pale Darajani. Skuli nliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Binti mmoja alikuwa akileta baiskeli ya kaka yake kujazwa upepo, na mie nlikuwa nkiujaza nusu, makusudi, ili kesho arudi. Kaka yake akasema baiskeli ile ina jini. Baadae nikaona haya, nikamtuma ami yangu akapeleke posa.

Baba yake binti alikuwa mzee wa melini. Miaka yake yote kahudumia meza za abiria, na katika bandari moja ya ng'ambo kaona ndani ya hoteli samaki wa baharini wanaogelea kiooni, watu wamekaa wanawatazama kama wanavyotazama maharusi. Alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku la nguo na fikra hiyo. Akanunua kabati la kioo la duka lililofungwa, ambalo mwenyewe keshaondoka, likazibwa pembe zake, likatiwa mchanga, matumbawe, maji ya bahari na samaki. Likawekwa ukumbini, mkabala na mlango, na mlango ukaachwa wazi kutwa ili apitaye aone. Usiku lilifunikwa shuka, samaki walale.

Siku ya posa nlisimama kizingitini huku ami yangu akisema.

"Kijana wako anajua nini?" mzee akauliza.

Ami yangu hajawahi kukosa jibu. Akaliangalia lile sanduku la kioo, akasema, "Baiskeli ni ya kupitishia wakati tu, mzee mwenzangu. Huyu hasa ni mtu wa samaki. Kazaliwa Kiembe Samaki!"

Samaki nliokuwa nkiwajua mie ni wale waliokwishalazwa ndani ya tui.

Mzee akanigeukia, macho yamemng'ara. "Alhamdulillahi. Basi njoo utazame maji yangu, bwana fundi. Yana maradhi."

Nikenda nikatazama. Wiki za mwanzo, akasema, maji yalikuwa safi kama hayamo. Halafu kioo kikaingia utando wa kijani, ukifuta leo, kesho upo. Halafu matumbawe yakaota manywele ya kijani, marefu, yanapepea. Samaki ulikuwa humuoni mpaka aje mwenyewe kugusa kioo kwa mdomo.

"Wenzangu wa melini wanakuja siku ya Idi," mzee akanambia. "Wanajua yale ya ng'ambo yalivyokuwa. Wakikuta maji safi, ami yako aje asikie jawabu. Wakikuta mchicha, aje akuchukue."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka. Nlimjua mchekaji.

Nikaanza kazi. Kwanza nlisugua vioo na matumbawe kwa kumbi la nazi, nikayachafua maji mpaka samaki wakapotea wote, na yalipotulia kijani kikarudi na jamaa zake. Nikasema, labda maji haya yametekwa karibu na ukuta wa bahari, pale mfereji wa mji unapomimina kila kitu chetu. Nikawa nakwenda Mtoni kwa baiskeli, debe kulia debe kushoto, nikirudi nusu ya maji ya bahari nshaimwagia barabara ya Bububu. Kijani kikayafurahia na maji ya Mtoni.

Halafu nikaleta mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikaujaza upepo, nikauunga na kijipira chembamba mpaka chini ya maji, upepo ukawa unatoka kidogokidogo, povu, povu, povu. Samaki wakachangamka. Hiyo ndiyo elimu yangu pekee iliyofaa mle ndani, na kila siku nlikwenda kuupiga pampu.

"Bwana fundi," sauti ya nyuma ya pazia ikasema siku moja, "samaki nao wana pancha?"

Nikaendelea kupiga pampu kwa bidii ya mtu aliyeposa.

Mvuvi mmoja wa Tumbatu, mteja wangu wa matairi, ndiye aliyenipa moyo. "Wewe unahangaika na makumbi? Tia tasi, bwana. Samaki yule chakula chake mwani. Mtie humo atalima mpaka uchoke kumtazama." Akaniletea tasi wadogo, wazima, ndani ya ndoo. Kweli, siku ile na ya pili yake walilima. Mzee akawaita majirani waje waone.

Na majirani kuja, ndipo ulipokuwa mwisho wa kilimo.

Kwa sababu mbele ya nyumba ile kulikuwa na baraza, na penye baraza pana kahawa, na penye kahawa pana mtu na kipande chake cha mkate wa boflo. Na sisi kwetu huli mbele ya mtu ukanyamaza. Unasema karibu. Hata kama foleni ya unga umeisimamia tangu alfajiri, hata kama kilichobaki ni tonge moja, utasema karibu, na yule atasema ahsante, nshakula, na wote wawili mtajua kuwa hajala. Hiyo ndiyo heshima. Lakini tasi huyo hajafundishwa kusema nshakula. Mtu anamega boflo, anamuona tasi kiooni kamkodolea macho, anaona haya. "Karibu, bwana," anasema, anamtupia. Tasi anakula. Watu wanacheka, mwengine anatupa kashata, mwengine andazi. Mzee anasimama pembeni na kifua mbele: "Wanakula! Mmeona? Kwangu hawana shida!"

Muda si muda tasi wakawa watu wa mjini. Mwani wakauacha. Ulikuwa ukisogea tu mlangoni, wanakuja mbio kukutazama mkono.

Wapita njia nao hawakunihurumia.

"Mzee, mchicha wako fungu kiasi gani?"

"Usimcheke, huyo fundi anatafuta mke humo ndani. Keshampata, ila hamuoni."

Ramadhani ikaandama na maji yangu rangi ya kisamvu. Nlijua nshakosa mke. Nlifunga na dua yangu ilikuwa moja, na nlikuwa naona haya kuisema kwa sauti, maana wengine walikuwa wanaomba pepo, mie naomba maji yatakate.

Mchana wa Ramadhani nyumba ile ilifungwa madirisha na mlango. Mzee alilala mpaka alasiri. Hakuna kahawa, hakuna boflo, barazani paka tu. Usiku shuka ishafunikwa, watu wako msikitini au wanakula kwao. Mie nlikuwa nafunguliwa mlango kidogo adhuhuri, napiga pampu yangu gizani, midomo mikavu, natoka. Siku za mwanzo tasi walikuja kiooni wote, wamejipanga, wananitazama kama mtu aliyechelewesha futari. Nikawambia, "Hata mie."

Siku moja sikuwaona kiooni. Nikadhani wamekufa. Nikafungua dirisha kidogo, nikawaona wamelishika tumbawe, wanatafuna manywele ya kijani kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Kumi la mwisho la mwezi lilipoingia, ukisimama mlangoni ulikuwa unaona mpaka chembe za mchanga.

Siku ya Idi wazee wa melini wakaja, kanzu zimenyooka kwa pasi, wakalizunguka sanduku la kioo, mmoja wao akasema hata kule ng'ambo hayakuwa hivi. Mzee akanishika bega mbele yao wote. "Huyu ndiye fundi wa maji." Akamwita ami yangu, akampa jawabu palepale: ndio, na harusi mwezi unaofuata. Ami yangu akawa anawaeleza watu Kiembe Samaki watoto wanavyozaliwa na ujuzi.

"Basi na samaki nao wapewe Idi yao!" mmoja akasema, na vileja vikaingia, na tambi, na halua. Mie nlikuwa nshaoa, kichwani, nikatupa na mie kileja.

Siku chache tu baada ya Idi, kioo kikaanza utando. Halafu manywele. Mzee akaniita.

"Bwana fundi, neno langu nlilitoa juu ya maji yale. Si juu ya haya. Wageni wa harusi watapita hapa hapa. Siozi binti yangu mbele ya mchicha."

"Nisamehe, baba."

"Ramadhani ulitia nini?"

"Sikutia kitu."

"Basi tia tena hicho hicho kitu!"

Tukabaki tukitazama maji. Barazani mtu akamega boflo lake, akamuona tasi, akasema karibu, akarusha. Tasi akaliacha tumbawe akaja mbio. Mzee akanitazama, na mie nikamtazama. Kila mmoja aliona mwenzake keshafahamu.

"Mwambie asiwape," nikasema polepole.

"Nimwambie mie? Nimkataze mtu kukaribisha, mlangoni kwangu? Watu wasemeje? Mzee wa melini anafanya ubakhili wa boflo la mwenziwe?" Akakaa chini. "Bora mchicha."

Na mke wangu nikamuona anakwenda na mchicha ule.

"Si mseme wamefunga!" pazia likasema.

"Wafunge nini, Idi ishapita?" baba yake akamjibu.

"Sita."

Kweli, zilikuwa ndizo siku zile sita za baada ya Idi, za mwenye kutaka kufunga ziada. Yeye alisema kwa mzaha, lakini mtu anayezama hachagui. Nikachana boksi la sabuni, nikachukua makaa, nikaandika: SAMAKI WAMEFUNGA. Nlianza kwa herufi kubwa, nikaishiwa boksi kabla ya maneno, mwisho wake ukawa wa kubanana kama abiria.

"Usifanyie mchezo ibada," mzee akasema.

"Baba, uongo uko wapi? Mchana hawatakula. Magharibi ikilia utawapa kidogo mwenyewe."

Akafikiri. Akaliegemeza boksi kwenye kioo kwa mkono wake.

Jioni ile mnywa kahawa wa kwanza akaja na boflo lake, akasoma, akalificha nyuma ya mgongo. "Nisameheni," akawambia tasi, akahamia baraza ya jirani. Wenziwe wakamfuata na vikombe vyao. Ilikuwa adabu moja ileile. Tasi wakangoja, wakachoka, wakarudi shambani. Na mzee, kila magharibi, alitia udhu, akasali, akala tende yake, ndipo akafunua shuka akawapa chembe mbili tatu, na kushusha sauti akisema nao. Mie nlikuwa nasikia, nikajifanya nakaza mpira.

Sita zikesha, boksi likabaki. Jirani mmoja akauliza, "Mzee, sita yao haishi hawa?"

"Wanalipa."

"Wanalipa Ramadhani ngapi?"

"Sasa wewe utamuuliza samaki deni lake na Mola wake?"

Jirani akaomba radhi.

Siku ya harusi maji yalikuwa kioo. Ami yangu alisimama karibu nayo akipokea sifa za ukoo. Nje kulianza manyunyu, basi sinia la bwana harusi na wazee likaletwa ukumbini, pilau linafuka moshi, likawekwa mkekani mbele ya samaki. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkubwa wao akasoma lile boksi, akakohoa, akaligeuza sinia, akakaa akiwapa samaki mgongo. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, mpaka tukawa tumekaa sote tumeutazama ukuta kama watoto waliotiwa adabu skuli, mkwe wangu katikati, na tukaanza kula kwa kuinama, bila ya kutafuna kwa nguvu.

Na mie, nliyeliandika boksi lile kwa mkono wangu, nlimeza tonge la kwanza la harusi yangu, nikageuza shingo polepole kutazama kama tasi wameniona.