Tofali Linalobaki

Mvua iliangusha jiko la marehemu mke wangu hapa Kuluba, nikafyatua matofali ya kulirudisha. Tanurini yakatoka mazima elfu mbili mia tano ishirini na moja. Namba hiyo naijua kuliko umri wangu, maana umri wangu nilikisiwa jeshini, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sisi matofali tunayahesabu kwa kuyapanga safu sawa. Likibaki moja, mke wangu alikuwa analiweka karibu na mafiga, kiti cha mgeni. Safari hii nilipanga kumi kumi, likabaki moja. Nikampigia simu binti yetu, anafundisha hesabu mjini Arua. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu matanga.

Basi nikapata dawa. Tisa tisa: likabaki moja. Simu. Nane nane: moja. Simu. Saba, sita, nikateremka mpaka mbili mbili, kila mara moja tu, na mgongo unalia. Jirani yangu, mama mmoja wa Sudani Kusini anayeuza samaki wakavu, akasimama na beseni kichwani.

"Mzee, hii matofali yako iko natembea? Jana ilikuwa pale!"

"Iko natafuta bibi."

"Matofali ama mwenyewe?" Akaenda zake akicheka.

Niseme kweli, jiko halikuwa na haraka. Ningempigia binti nimwambie nini, kwamba mihogo imekauka? Angejibu, "Sawa baba," halafu kimya. Krismasi hakuja. Ila kwa hesabu alikuwa anakaa kwenye simu.

Nilipomaliza mbili mbili akaniambia, "Baba, sasa pumzika. Hiyo ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukitoa lile moja, yaliyobaki yanagawanyika kwa mbili, kwa tatu, zote mpaka kumi. Lile moja ndilo linakufuata kila mahali."

"Hata nikipanga vipi?"

"Hata ukipanga safu zifike Arua. Zikiwa sawa, lazima kitu kibaki."

Kumbe mtu anaweza kukufungia mlango kwa upole hivyo. Nikaanza kuaga.

"Lakini baba, kumi na moja kumi na moja hujajaribu."

"Si umesema haigawanyiki?"

"Jaribu tu. Halafu unipigie."

Nikabeba mpaka kiuno kikagoma. Yakabaki mawili. Nikarudia kuhesabu. Mawili. Nikapiga.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Nilijua." Hakukata simu. "Mama angesema nini?"

"Angesema ni viti."

"Basi kimoja ni chake, kisikaliwe na mtu."

Jiko limesimama sasa. Yale mawili yako karibu na mafiga. Mimi nakalia hili la ukutani. Lile la mlangoni kuku analipenda, analala juu yake, nami kila nikiingia namfukuza na kulifuta kwa mkono.