Shavu la Kushoto la Mkwena

Kila jioni baba yake Boitshoko hupiga simu kutoka Molepolole, na kabla hata ya kuuliza habari ya mvua humwamkia kwa mnyama wa ukoo wao: "Mkwena!" Naye Boitshoko, aliyeolewa huku kwetu Serowe, huitikia "Mkwena!" kwa sauti ya mtu aliyevishwa medali. Mnyama wao ni mamba. Mkwena hamli mamba, hamgusi, na hata akiona pochi ya ngozi yake hugeuza uso, macho yasije yakamwiva kama nyanya. Hilo Boitshoko alikuja nalo kutoka kwao pamoja na masufuria, na masufuria yalishatoboka.

Sasa Jumamosi moja Mma-Oteng, shangazi wa mumewe, alikuwa anakuja kuuza mafuta ya mamba sebuleni kwake.

Hakuomba. Shangazi wa mume haombi. Ndiye aliyemkalisha Boitshoko mkekani akamfunda, ndiye aliyemfunga shali ya ndoa mabegani. Alituma ujumbe tu: "Panga viti, pika tangawizi. Nakuja na baraka."

Mumewe, Mothusi, aliposoma ujumbe ule alikumbuka ghafla kwamba kuna ndama anaumwa kule kambi ya ng'ombe. Wanaume wa Serowe huwa na ndama mgonjwa kila wakija wageni wa kike. Ajabu ni kwamba bado tuna mifugo.

"Sasa nimwambie nini?" Boitshoko alimfuata mpaka kwenye gari.

"Mwambie ukweli, mke wangu. Wewe ni Mkwena. Shangazi ni mtu wa mila, atakuelewa." Akaondoka na nusu ya maandazi ya wageni.

Majirani walipokwisha kuketi, Mma-Oteng alifunga mlango, "harufu isitoroke," akaweka kiti chake mbele ya mlango huo na kukijaza. Mwenye kutaka kutoka angelazimika kumpanda.

"Wanangu, nani hapa anataka mumewe ahamie kambini moja kwa moja?"

Wanawake wakavuta viti karibu.

"Basi tumeelewana. Mma-Pako, hayo madoa ulizaliwa nayo au ulikopesha uso?"

"Ni jua, shangazi."

"Jua lipi? Mbona mimi linanipita?"

Watu wakacheka mpaka Mma-Pako, jirani wa ukuta mmoja, akanunua kopo la mafuta ili wanyamaze.

"Na mwenye nyumba yuko wapi? Njoo hapa kitini. Wageni wakikutangulia itakuwa dharau."

Boitshoko akakaa. Akasema lile alilolifanyia mazoezi tangu asubuhi: "Shangazi, nisamehe. Mimi ni Mkwena. Mamba simgusi."

Mma-Pako akaweka kopo lake chini, taratibu. Ilielekea mila imeishinda biashara.

Mma-Oteng alijifuta machozi. "Mnasikia? Hii ndiyo heshima! Wasichana wa leo mnyama wao hawamjui. Ubarikiwe, mwanangu." Akafungua kopo. "Lakini huyu mamba ni wa kufugwa. Kazaliwa kwenye bwawa la saruji, kala kuku wa dukani maisha yake yote. Molepolole hajui iko wapi. Huyo naye ni ndugu yako?"

"Ni mamba, shangazi."

"Halafu ng'ombe wetu wa mahari walifika kwenu. Wewe sasa ni wa phuti, yule paa wetu. Je, nimekuletea mafuta ya paa, mimi?"

"Hapana, ila... moyo wangu unakataa."

"Moyo? Basi tuuombee huo moyo."

Wote wakafumba macho. Hapo ndipo Boitshoko alipoponzeka, ingawa sijui angefanya nini kingine. Huku kwetu mtu hafumbui macho wala hasogei katikati ya sala. Hata nyumba ikiungua tutasubiri amina. Mma-Oteng alimwombea Mothusi, akamwombea ndama, akaomba mvua, na alipofika kwenye mvua vidole viwili vya baridi vikatua kwenye shavu la kushoto la Boitshoko, vikaanza kuzunguka.

"Bwana, lainisha penye ugumu. Lainisha, Bwana. Lainisha."

"Amina," wanawake wakaitikia. Boitshoko naye akaitikia.

"Haya, tazameni upande huu, halafu upande ule!"

Tusidanganyane: shavu liling'aa kama sahani ya mgeni. Vigelegele vikapigwa, pochi zikafunguka, hata ya yule aliyekuja kuazima ungo.

"Na la kulia?" akauliza Mma-Pako, msaliti.

"La kulia anapakwa akishanunua."

"Mimi nataka kuyatoa tu, shangazi," Boitshoko alinong'ona.

"Kuyatoa? Dawa ipo." Mma-Oteng akachomoa chupa. "Maji matupu hayafui dafu. Ila hii haiuzwi peke yake, inakwenda na kopo."

Boitshoko akanunua vyote viwili. Shangazi akambusu shavu la kulia, akatangaza kwamba mwezi ujao wanakutana hapohapo, kwa kuwa mwenye nyumba amekuwa mfano.

Jioni, bombani nyuma ya nyumba, Boitshoko alisugua kwa ile dawa mpaka mkono ukauma. Shavu likazidi kung'aa. Akageuza chupa atazame maelezo, na chini kabisa ya lebo akakuta mamba mdogo anatabasamu.

Simu ikaita. Akaipeleka kwenye sikio la kushoto, kama siku zote, akasita, akaihamishia la kulia.

"Mkwena!"

Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuwasha.

"Mkwena! Husikii?"

"Nasikia, baba."