Kadi ya Sendofu Niliyoichapa Mwenyewe

Mjini Singida, mtu akitaka kadi ya harusi iliyokaa kama kadi, anakuja dukani kwangu Utemini. Wapo vijana wengine wenye kompyuta, siwakatai, lakini wateja wao mwisho huishia kwangu. Shule niliiacha darasa la tano nikachunge ng'ombe wa baba, na leo maofisa wenye digrii wanakaa kwenye benchi langu wakisubiri niwapangie maneno.

Kinachonipa jina ni herufi za kulala. Sisemi herufi ya kawaida iliyoinamishwa. Hiyo mtu anabonyeza kitufe tu, na inakaa kama mlevi aliyeegemea ukuta. Herufi ya kulala ya kweli imezaliwa hivyo. Ile a yake haina kofia juu, ni duara na kijimkia, kama ukiandika kwa mkono. Ile f inashuka chini ya mstari. Kwenye ncha zina vikucha vidogo, wino mnene ukishuka, mwembamba ukipanda, na zote zimeelekea upande mmoja kama mtama wa kwetu upepo ukivuma. Kadi nzima ukiijaza herufi hizo, msomaji anachoka. Kwa hiyo majina ya wanaoalika nayasimamisha wima, maana ndio wenye shughuli. Jina la mwalikwa, pale kwenye mstari wa nukta, nalilaza, lionekane limeandikwa kwa ajili yake peke yake. Mji mzima sasa unaniiga.

Mwaka jana, baada ya kuvuna alizeti, alikuja shemeji yangu kutoka Kiomboi, kaka wa mama wa binti yangu. Mama huyo alirudi kwao binti akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilibaki mjini kutafuta maisha, na niliyapata.

"Shemeji, tumbo linakua kuliko duka," alisema akikaa.

"Duka ndilo lililoanza, tumbo limefuata. Wewe bado fito tu."

Akacheka. "Binti yetu anaolewa. Sherehe ya kumuaga, sendofu, ni kwetu Kiomboi. Ningepeleka kazi kwa mwingine ungesema nimekudharau."

Akanisomea maneno kutoka kwenye simu, mimi nikichapa. Wanaoalika ni mama mtu, pamoja na yeye mjomba. Nikasubiri. Akaruka akaenda kwenye ukumbi na saa.

"Na baba?" nikauliza.

"Mimi nasoma kilichoandikwa, shemeji. Nimetumwa."

Alipotoka kwenda kula, niliipanga kadi upya. Jina langu nikaliweka juu kabisa, limesimama. Kadi ilitulia kweli. Nikaipiga picha nikamtumia binti. Hakukawia kupiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeiona?"

"Nzuri sana. Ila umeongeza jina."

"Nimeongeza langu, sio la jirani."

"Baba, yale maneno niliandika mimi. Usimlaumu mjomba."

"Ada ya shule alilipa nani?"

"Ulilipa wewe, na kila mtu namwambia. Lakini vikao vya wazazi alikuwa anakuja mjomba. Nilipolazwa, aliyelala sakafuni pembeni ya kitanda ni mama. Nikiweka jina lako juu yao, nawasogeza pembeni kwenye siku yao."

"Mimi sasa nikae wapi?"

"Uje, baba. Utakaa mbele. Kwenye waalikwa nimekuweka wa kwanza."

Mimi nabishana na wateja mpaka juu ya nukta moja, lakini yeye nikamwambia sawa mama. Nikafuta jina langu, na mistari ya chini ikapanda yenyewe ikaziba nafasi. Ungeiangalia ile kadi usingejua palikuwa na kitu.

Nikaanza kuchapa majina ya waalikwa. La kwanza langu. Kwenye kibao cha duka jina hilo ni herufi kubwa, nene, zimesimama, linasomeka mpaka ng'ambo ya barabara. Sikuwahi kuliona limelala. Lilikuwa zuri, na lilionekana la mtu mwingine, mtu mpole.

Shemeji alirudi akichokonoa meno. Kadi zetu huandikwa pembeni chini, singo kwa mtu mmoja, dabo kwa wawili. Akachungulia yangu.

"Weka dabo, shemeji. Nyumba kubwa vile, hukosi wa kuja naye."

Nikatafuta kichwani. Nina vyumba vinne vyenye marumaru, na televisheni ambayo naiwasha nikiingia tu, nisikie watu. Mpangaji wangu tunasalimiana getini, basi. Nikaandika singo.

Siku yenyewe nilivaa suti ya kijivu na viatu vipya, nikakaa mbele kama alivyosema. Mshereheshaji alipowaita wazazi, mama mtu na shemeji walisimama, binti akaenda akawakumbatia. Nilipiga makofi nikiwa nimekaa. Kisha binti akatazama meza yangu, akainamisha kichwa kidogo, nami nikainua mkono.

Mzee niliyekaa naye, mgeni kutoka Ikungi, alikuwa anaigeuzageuza kadi yake. "Hii imechapwa wapi? Kazi safi hii."

"Utemini. Kwangu. Mkoa mzima huu hupati kama hiyo."

"Hongera. Na bibi harusi ni nani yako?"

Muziki ulikuwa umepanda. Nikamsogelea sikioni nikarudia kwamba mimi ndiye niliyechapa kadi.