Kimeng'enya cha Mama Kutu Kilipopauka

Mtaa mzima walimwita Mama Kutu, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimsalimia tu, hujamuuliza hata hali ya watoto, ameshakuanzia habari za chuma. Kwamba chuma cha kwenye chakula kikifika kwenye seli za utumbo huwa kama kimeshika kutu, na mlango wa seli haukipokei hivyo kilivyo. Kwamba kwenye utando wa seli kuna kimeng'enya kimejipenyeza, kimeupita utando huo ndani nje, ndani nje, mara sita, na tumboni kimebeba vipande viwili vyekundu vinavyopokezana elektroni. Kinaichukua kwa vitamini C iliyoko ndani, kinakipa chuma kilichoko nje. Chuma kikishapewa, karibu ndani!

"Unakipenda kuliko mimi," mumewe, kinyozi, humtania.

"Chenyewe hakikoromi," humjibu.

Kazi yake maabara ilikuwa kukitoa kimeng'enya hicho kikiwa hai, na tatizo lilikuwa sabuni. Kukitoa kwenye utando lazima utumie sabuni ya maabara. Ikizidi ukali, kwisha habari yake, ikiwa laini mno, hakibanduki. Ameviua vingi, maskini. Safari hii alipata sabuni ya wastani, akaambulia matone machache yenye wekundu wa kahawia. Na Profesa, mkuu wake wa maabara, alishamwambia waziwazi: "Hiki nacho kikiwa kimekufa, dada, tunaachana nacho. Utapewa kazi nyingine."

Mchana huo kinyozi alikuja maabara kumchukua, akamkuta kakodolea macho vichupa viwili. Alikuwa ameyagawa matone yake, sasa anatia vitamini C kiduchu kotekote. Maji yakageuka waridi, yakang'aa.

"Lo! Kizima hicho!" kinyozi akapiga makofi.

"Ngoja kwanza. Hapo kimepokea tu. Sijaona kama kinatoa."

Akatia chuma kwenye kichupa kimoja. Wakainama wote wawili. Kichupa kingine kikabaki waridi vilevile. Kile chenye chuma kikaanza kupauka, kikapauka, mpaka kikarudia ukahawia wake, utadhani hakijawahi kupendeza hata siku moja.

Kinyozi akavua kofia. Maneno ya kumfariji alikuwa nayo tangu asubuhi, maana alijua mkewe akikikosa hiki ataumia vibaya.

"Pole, mke wangu. Umemuuguza vya kutosha. Mwache aende."

Mama Kutu alikuwa ameinamia meza, mabega yanamtikisika. Alipoinua uso, machozi yanamchuruzika na huku anacheka.

"Pole ya nini? Si kimetoa! Ule uwaridi ndiyo elektroni, kimekipa chuma! Kingekuwa kimekufa kingeing'ang'ania."

"Kwa hiyo kupauka ndiyo uzima?"

"Ndiyo kazi yake, baba watoto! Kiko hai!"

Kinyozi akatazama vichupa, kisha akamtazama mkewe: nywele timutimu, macho mekundu, mashavu yamepauka na kubonyea kwa miaka ya kusahau kula mchana.

"Kumbe nimeoa kimeng'enya," akasema polepole, na hakuwa anatania. Akamvutia kiti, akamkalisha, akatoka mbio mwenyewe kumwita Profesa.