Majina Niliyoyataja Shingo Ikiwa Wazi

Chumbani tulikuwa watano. Mimi mezani, chali. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, nesi wa hospitali ile ya mlimani. Daktari wetu kijana, mtoto wa wakata mkonge wa huko tambarare. Daktari mgeni, mama wa Kizungu aliyekuja kwa wiki mbili kumfundisha kupasua marovu, uvimbe wa shingoni. Na mzee wa usafi, binamu yake mama yangu, aliyeshika taa ya betri kwa sababu jenereta haikuwa na dizeli. Majina yao ninayo yote, ila siyaandiki, wengine wameshatangulia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa tena. Sukari ilikuwa imerudi madukani Hedaru, lakini glavu za kupasuliwa ulikwenda nazo mwenyewe, na sabuni pia.

Rovu langu lilikuwa kama ngumi mbili, nikilala linanikaba. Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kupoteza sauti. Shule niliishia la pili, na katika ukoo wetu mimi ndiye niliyefundishwa na bibi yangu kutaja waliotangulia, mmoja mmoja kwa mpangilio, tangu yule wa kwanza kuhamia Chome, kijijini kwetu. Hawakuwa wameandikwa popote. Sauti ikipotea, nao wamepotea.

"Mbona mzungu hashiki kisu?" nikamuuliza wifi.

"Mgeni anaondoka Jumamosi, wifi. Huyu anabaki. Acha ajifunzie kwako, shingo yako nene, hawezi kuikosa."

Nikacheka, sindano za ganzi zikaingia. Hawakunilaza usingizi, maana walitaka kunisikia. Daktari kijana alinieleza kwamba mshipa wa sauti unapita nyuma ya rovu, mwembamba kama uzi; nikisema wakati wote, atajua hajaugusa.

"Hesabu namba, mama."

"Namba zangu zinaishia hamsini, mwanangu."

"Basi ataje watu," wifi akadakia. "Leo umbea wake umepata kazi."

Nikataja wanangu, wakwe, majirani, wanakwaya wote. Nilisikia kuvutwa, siyo maumivu, kama mtu anang'oa magugu shingoni mwangu. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ukungu wa mlima Shengena ulikuwa umejaza dirisha, chumba kimefifia. Walio hai wakaniishia.

"Endelea, mama."

Nikaanza waliotangulia. Nilikuwa nimefika jina la sita sauti ilipokatika. Midomo ilicheza, ikatoka hewa tupu. Macho ya daktari kijana yakamtafuta mgeni. Mgeni hakunyoosha mkono. Alisema neno moja tu, taratibu sana. Kijana akalegeza koleo.

Na hapo, kabla sauti yangu haijarudi, nikasikia jina la saba likitajwa. Kisha la nane. Sauti ilifanana na yangu, ila kavu zaidi, na ilitoka upande wa kichwani kwangu ambako hakukuwa na mtu. Mzee wa taa akarudi nyuma mpaka ukutani, mwanga ukatetemeka darini. Yalitajwa majina manne. La kumi na moja likatoka kooni mwangu mwenyewe, kwa mkwaruzo, nami nikaendelea mpaka wakamaliza kushona.

Jioni daktari kijana alikuja kitandani. "Uliponyamaza pale, mama, nilijua nimeshakuharibu."

"Hakunyamaza, daktari," wifi akasema, bakuli la uji mkononi. "Nilikuwa namsikiliza."

Wakatazamana. Wakamwita mzee wa usafi awaamue. Akasema ana sakafu ya kudeki, akaondoka.

Sauti yangu ilipona. Msibani naitwa mpaka leo. Lakini katika majina yale manne, la tatu bibi yangu hakunifundisha. Ni jina la mwanamke. Nalitaja mahali pake tangu siku ile, na hakuna mzee aliyewahi kulikataa.

Wewe wa ukoo wetu unayesoma, kama kwenu mahali hapo wanatajwa watatu tu, bila mwanamke huyo, niambie. Na kama yule daktari bado yupo, aseme alisikia nini. Mimi nimezeeka, huenda nimechanganya. Nisahihisheni.