Makofi ya Mama Kavugho

Wakati wa utawala wa chama kimoja, Mama Kavugho alikuwa anauza mikate ya mafuta katika soko la Kasuku. Asubuhi ya kuchagua mukubwa wa muji, mafuta ya moto yalimuunguza mukono. Hata hivyo alikwenda uwanjani, maana kubaki nyumbani kulikuwa hatari. Kura haikuwa ya karatasi: jina moja lilitajwa, watu wakapiga makofi. Yeye alisimama tu, mukono umefungwa kitambaa.

Mulinzi wa Chama akamukaribia, akamuita kwa neno la Chama la kuitana wananchi. “Sitwayeni, huyu humutaki?”

Mama Kavugho akajibu: “Namutaka, sitwayeni.”

“Basi tusikie.”

Akapiga makofi, malengelenge yakapasuka, kitambaa kikalowa damu. Mulinzi akaondoka, watu wakaacha kupiga makofi, lakini yeye aliendelea kupiga mpaka jirani yake akamushika mikono.